Matabishi ya Silinda ya Nne

Juzi nilipindua chupa ya mafuta ya taa jikoni kwangu, yakamwagikia bakuli la mawese, na kabla sijapata kitambaa cha kupangusia nilikuwa nimesharudi uani kwetu Kalemie, kando ya ziwa, mtoto wa magoti machafu, nimechuchumaa nikichungulia ndani ya chuma. Ninyi wa rika langu mnajua harufu zinavyotufanyia utundu. Mwenzangu mmoja akisikia sabuni ya unga anamkumbuka mwalimu wa darasa la pili, mwingine akinusa maziwa anaona kitanda alichozaliwa juu yake. Mimi nimepewa hiyo: mafuta ya taa yenye tone la mawese. Acheni niwasimulie, maana mpaka leo ikinijia ninataka kuruka.

Uani kwetu paliegeshwa kamioneti ya kijani, gari dogo la mizigo la marehemu babu yangu, Ramazani. Babu alikuwa akibebea samaki wakavu kuwapeleka bara, mpaka Nyunzu na zaidi. Baada ya yeye kufa gari liliendeshwa hovyo, likachemka njiani bila maji, likaburutwa mpaka nyumbani na kuachwa chini ya paa la bati. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Sisi watoto tulicheza safari humo, tukiunguruma kwa midomo. Watu wote walikuwa wamelikatia tamaa isipokuwa mmoja, Bibi, mama yake Papa, baba yangu.

Bibi alikuwa na mdogo wake huko Nyunzu, tuliyemwita Bibi Mdogo. Hawakuwa wameonana tangu kabla ya vita. Walipozungumza kwa simu ya jirani walilia tu, kisha mtandao ukakatika kabla hawajapeana habari. Bibi alivunjika nyonga, ikaunga vibaya, kwa hiyo pikipiki hakuweza, na ngazi za treni zilikuwa juu mno kwake. Kilichoweza kumfikisha ni kiti cha mbele cha ile kamioneti. Alikuwa akisema hivyo kila asubuhi baada ya swala, kwa sauti ya kutosha ili Papa asikie.

Papa akaanza kuifufua injini. Kazi yake ilikuwa injini za mashua, hii ya gari hakuizoea, na ndiyo sababu alikwenda nayo taratibu, akipima kila kitu. Ndipo akaja kaka yake, Papa Mukubwa, mtu wa biro, yaani ofisi, moja karibu na bandari, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Alisimama uani bila kukaa.

“Gari ni ya mzee wetu sisi wote,” alisema. “Wanunuzi wa vyuma vikukuu wanakuja na mashua yao kutoka ng'ambo. Kama inawaka mbele ya wao kufika, muzuri, Mama ataenda kwa mudogo wake. Kama haiwake, wataikata, wataibeba.”

“Mutaikata na miye ndani yake,” alijibu Bibi kutoka mkekani.

Papa Mukubwa alimwogopa mama yake kama sisi sote, lakini hakubadili neno. Tangu siku hiyo kila mashua iliyoonekana ziwani niliikimbilia kuangalia kama ni yao.

Shida ilikuwa kwenye kulasi. Ndivyo walivyokiita kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda. Kilikuwa kimepinda kwa lile joto, Papa akakipeleka kwenye mashine kikachongwa hadi kikanyooka. Sasa kilikuwa safi, kinang'aa, lakini chembamba kuliko zamani, na vile vishimo vinne vya ndani yake ambamo moto huwakia vilikuwa vimepungua kina. Papa alitaka kujua vimepungua kiasi gani. Nilipomuuliza kwa nini ajisumbue, aliniweka mbele ya silinda akazungusha injini kwa mkono, akinieleza safari ya esanse, petroli yetu, humo ndani.

“Angalia, Safi. Pistoni inashuka, inavuta hewa na esanse. Sasa inapanda, inasonga vyote mu kachumba haka kadogo ka juu. Uwaze sahani nane za bukari, unazisonga mpaka zinaingia mu sahani moja. Ile njo kompresio. Nane juu ya moja.”

Sahani nane za bukari, ule ugali wetu, katika moja! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo nilishinda nimemganda.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Kulasi ililazwa kichwa chini juu ya meza, buji, zile plagi za cheche, zimefungwa mahali pake, kila kishimo kikafunikwa kwa kipande cha plastiki ngumu kinachoonyesha, kimepakwa grisi pembeni, chenye tundu dogo katikati. Katika tundu hilo unapenyeza mafuta ya taa kwa bomba la sindano mpaka kishimo kijae bila povu, ukihesabu umemimina kiasi gani. Mafuta ya taa hayaonekani vizuri, basi tuliyatia tone la mawese yakawa mekundu. Papa alijaribu mwenyewe kwanza. Vidole vyake vilivyozoea nyundo vilisukuma kwa nguvu, mafuta yakamrukia machoni.

“Mama Safi!” aliita huku akipangusa uso. “Kuja. Weye njo uko na mukono wa kutulia.”

Mama aliuza mawese sokoni, na mkono wake ulikuwa na jina. Angejaza chupa yenye mdomo mwembamba bila imbili, yaani faneli, na tone lisianguke. Watu walivuka vibanda vitatu vya wauzaji wengine ili wapimiwe na yeye. Alikuja, akanawa, akashika bomba la sindano kama aliyezaliwa nalo, akaanza kuhesabu kwa sauti ile ile ya sokoni. Kishimo cha kwanza kilimeza mililita arobaini na mbili. Cha pili arobaini na mbili. Cha tatu vilevile. Cha nne kilimeza thelathini na nane tu.

Papa alikuna kichwa. Aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, akajumlisha nafasi inayoachwa na gasketi inayokaa katikati, akajumlisha mia nne, ambazo ndizo kila silinda huvuta, akagawanya. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika pumzi.

“Tisa juu ya moja,” alisema kwa vile vitatu vya kwanza.

Nikapiga kelele za furaha. Naomba mnielewe, shuleni kwetu alama ilikuwa jambo la kufa na kupona, tisa juu ya kumi ilikuletea yai zima kwenye chakula cha jioni. Mimi nilidhani injini inafanya mtihani. Alipogawanya cha nne akapata karibu kumi, nilicheza kuzunguka meza nikiimba, “Namba ine! Namba ine!” Kwangu silinda ya nne ilikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani. Sikuelewa kwa nini Papa amejishika kichwa.

“Weye unacheza, na miye ninataka kulia,” alisema. “Esanse ya huku, ile ya mu chupa, iko muchanganyiko. Ukiisonga sana inawaka yenyewe, haingojee buji. Inagonga, inapasua pistoni. Tunatafuta nane.”

Nani amewahi kusikia mtu akitafuta nane wakati ameshapata tisa? Nilimwona Papa ni mtu wa kukata tamaa mapema. Tisa ingeshushwa, alieleza, kwa kuongeza bamba la shaba chini ya kulasi ili vyumba vyote vipate nafasi. Lakini bamba linawapa wote sawasawa. Huyu wa nne angebaki amezidi wenzake, na injini ambayo silinda moja inavuta kuliko nyingine hutetemeka mpaka ijivunje. Alimwomba Mama apime tena kesho yake, kwa uangalifu. Mama akapima, Papa akimwangalia. Arobaini na mbili, arobaini na mbili, arobaini na mbili, thelathini na nane. Mama alikasirika kidogo kwa kurudishwa kupima, maana hakuna aliyewahi kumrudisha.

“Basi namba ine tutaichimba,” alisema Papa.

Kuichimba maana yake ilikuwa kukisaga kile kishimo kwa jiwe ili kiwe kikubwa kama wenzake. Papa alijua hatari yake akaniambia bila kunificha. Nyuma ya ukuta wa kishimo hupita njia ya maji, na kulasi ilikuwa imeshachongwa mno. Ukisaga ukatokea upande wa pili, maji yanaingia kwenye moto na kulasi inakwisha. Nyingine haikupatikana Kalemie, wala ng'ambo. Alisema hivyo akiwa anafunga jiwe kwenye keekee, asubuhi ambayo mtoto wa jirani alikuja kutuambia mashua ya wanunuzi wa vyuma imeonekana.

Mimi sikufikiria maji. Nilifikiria mwanafunzi wangu wa kwanza anakwenda kusagwa ili alingane na wajinga watatu. Nilimsihi Papa, nikalia, nikamshika shati. Akanitoa kwa upole, akasema niende nikacheze. Nilikimbilia sokoni kwa Mama, wa pekee ambaye Papa angemsikiliza.

Mama alikuwa na mteja, mama mnene mwenye mgahawa, aliyekuja na chupa nne. Nilianza kumvuta kikwembe huku nikipiga kelele.

“Safi, ngoja, niko na muntu!”

Kwa Mama mteja hakukatizwa hata nyumba ikiungua. Nikasimama nikifuta kamasi, nikitazama mawese yakishuka. Chupa ya kwanza, kipimo kimoja. Ya pili, kimoja. Ya tatu, kimoja. Alipoifikia ya nne, mkono wake ulimwaga kwanza kidogo ndani ya chupa tupu, kimyakimya, ndipo akajaza kipimo na kusema kwa sauti, “Ine!” Ile kidogo ya mwanzo ilikuwa matabishi, nyongeza ya bure kwa anayenunua vipimo vinne. Mama aliitanguliza daima, kwa sababu chupa ikishajaa haina pa kuongezea. Hakuihesabu. Nani anahesabu zawadi?

Mnaniamini nikisema nilihisi nywele zinasimama? Mkono ule ule nilikuwa nimeuona uani. Kwa vishimo vitatu Mama alirudisha mafuta yaliyobaki kwenye bomba la sindano ndani ya kopo, ndipo akaanza upya. Kwa cha nne alisukuma kidogo tunduni kwanza, kisha akajaza bomba na kuanza, “Moja!” Nilikuwa nimeona na sikuwa nimeona, kwa kuwa Mama akipima ndivyo anavyopima. Furaha ilinijaa, halafu hasira: kumbe mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa amepewa alama za bure!

“Mama, ulipatia namba ine matabishi!”

“Nani?”

“Motere! Motere ya gari ya Babu!”

Sikungoja. Nilikimbia kupita wauza samaki, nikapita reli, nikampita mzee wa pikipiki aliyenitukana kwa haki, na nilipoingia uani jiwe lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Ukingoni mwa kishimo cha nne palikuwa na mkwaruzo mmoja mweupe.

“Papa, usiguse! Namba ine si kadogo! Ni matabishi!”

Papa alisimamisha keekee. Nilimweleza kwa pumzi zilizokatika, nikamwonyesha kwa mkono wangu jinsi mkono wa Mama ulivyofanya. Hakucheka. Aliinyanyua kulasi nzima na kuigeuza, upande wa nne ukawa wa kwanza.

“Mama yako akifika,” alisema, “usimwambie kintu.”

Mama alifika akihema, amemwachia jirani biashara yake, akidhani nimeshikwa na homa. Papa alimwomba apime mara moja tu, ya mwisho. Akanung'unika, akanawa, akapima. Kishimo cha kwanza, ambacho kwa kweli ndicho kilikuwa cha nne, kikameza arobaini na mbili. Niliuma kidole. Cha pili arobaini na mbili. Cha tatu arobaini na mbili. Alipofikia cha mwisho, Papa na mimi tuliinama pamoja, na mbele ya macho yetu mkono mwema wa Mama ukasukuma kidogo kwanza, ukajaza, ukaanza, “Moja!”

Thelathini na nane.

Papa alicheka mpaka akaegemea ukuta na kufuta hesabu zake kwa mgongo.

“Munacheka nini?” Mama aliuliza. Papa alipomweleza alikataa katakata. “Miye? Miye ninapima sawasawa! Soko muzima unajua!”

“Ndiyo, Mama Safi. Na soko muzima unajua matabishi yako.”

Mama aliutazama mkono wake kama mtoto aliyekamatwa jikoni. Kisha akafunika uso kwa kikwembe na mabega yakaanza kutikisika, na Bibi kule mkekani akacheka bila kujua sababu. Alipima mara nyingine, na kabla ya kishimo cha mwisho Papa aliita, “Leo hakuna matabishi!” Mama akakiambia kishimo, “Unisamehe, muteja.” Kilikuwa arobaini na mbili. Wote wanne walikuwa sawa tangu mwanzo, na kulasi ilikuwa nzima.

Kilichofuata kilikuwa mbio tupu. Papa alikata bamba la shaba, akaukokotoa unene wake kwa mkaa ukutani mpaka tisa ikashuka kuwa nane, na mimi safari hii nilikubali nane kwa moyo mmoja. Tuliliweka bamba juu ya babula ya Mama, jiko lake dogo, mimi nikapepea makaa hadi likawa jekundu, kisha Papa akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Lililia kwa sauti kali, mvuke ukatufunika, na likatoka laini kiasi cha kupindika kwa vidole. Tulifunga, tukakaza, tukamimina mafuta. Bolti za mwisho zilikuwa zinakazwa wakati Papa Mukubwa alipoingia na wanaume wawili wenye misumeno ya chuma.

Bibi hakuwa mkekani tena. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, amejifunga ushungi mpya, kikapu cha samaki wakavu mapajani. Sijui nani alimpandisha. Hakutazama misumeno wala wenye misumeno.

Papa alizungusha chuma cha kuwashia. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Mmoja wa wale wanaume akaweka msumeno wake begani kwa namna niliyomchukia hapo hapo. Papa alirekebisha kitu, akazungusha tena, jasho likimdondoka puani, na injini ikashika! Ikashika, ikatulia, ikaunguruma sawasawa, na bati la paa likawa linatetemeka nayo. Papa aliinua mkono tunyamaze, akavuta waya wa mafuta kwa nguvu, sikio lake limekaribia kulasi.

“Haigonge!” alipiga kelele. “Haigonge hata kidogo!”

Niliruka, Mama akaruka, kuku wakaruka. Papa Mukubwa aliwageukia watu wa misumeno, akawaambia kwa ile sauti yake, “Mutupishe njia.” Kisha akavua koti la biro, akapanda nyuma pamoja nami na bidoni, yaani dumu, la esanse.

Njia ya Nyunzu ilitupiga vibaya. Kila mlima Papa alitega sikio, na kila mlima tulipanda bila kugonga, nami nyuma nikipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jua la siku ya pili lilikuwa bado juu tulipokata kona ya mtaa wa Bibi Mdogo. Hakujua tunakuja, simu ya jirani haikupatikana. Alikuwa mlangoni kwake akimenya mihogo, macho yake yameshafunikwa na ukungu mweupe, haoni mbali zaidi ya mikono yake.

Kabla hatujamfikia alidondosha kisu. Akasimama, akashika ukuta, akageuza uso kuelekea mlio.

“Ramazani!” aliita, na sauti yake ilikuwa ya msichana. “Muje! Shemeji Ramazani amefika!”

 Papa na kaka yake walimshusha Bibi, wakataka kumshikilia, akawasukuma. Alivuka ule uwanja peke yake na nyonga yake mbovu.

“Ramazani alikufa, mudogo wangu,” alisema. “Ni miye. Miye njo nimekuja.”

Bibi Mdogo alimshika uso kwa mikono miwili yenye utomvu wa mihogo, akaupapasa wote, paji, mashavu, kidevu, akalia na kucheka kwa pamoja. Papa aliingiza mkono garini kuizima injini.

“Usizime,” alisema Bibi Mdogo bila kumwachia dada yake. “Acha niisikie.”

Papa alimtazama kaka yake, maana safari nzima Papa Mukubwa alikuwa akilalamikia esanse inavyokwisha. Papa Mukubwa alikuwa amegeukia upande wa porini, akijipangusa macho kwa mkono wa shati.

“Bidoni iko nusu,” alisema. “Iache iungurume.”